Simanjiro: tuandike idadi moja ya mifugo kwa kijiji, au tutengeneze modeli ya hali za ardhi?

AfisaMalisho

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Mimi ni afisa ugani wa mifugo wilayani Simanjiro, mkoa wa Manyara. Tangu mwanzo wa mwaka huu ninaisaidia kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji kimoja kilichoko kwenye zile nyanda ambazo nyumbu na pundamilia wa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire huhamia mvua zinapoanza. Mpango wa zamani wa kijiji umekwisha muda wake, na katika kuuandika upya nimekabidhiwa sura ya malisho, nikitakiwa niseme ardhi hii inaweza kulisha mifugo mingapi bila kuharibika. Nilidhani ni kazi ya siku mbili.

Nilianza na njia niliyofundishwa chuoni. Unakadiria nyasi zinazoota, unaweka kando sehemu ambayo ni lazima ibaki ardhini, kisha kinachosalia unakigawa kwa mahitaji ya uniti moja ya mifugo, yaani mnyama wa kilo 250 ambaye kwa siku hula nyasi kavu zenye uzito wa karibu asilimia 2.5 ya uzito wake, sawa na kilo 6.25. Kwa kuwa sina vipimo vya nyasi vya miaka mingi, nilitumia mlinganyo wa Deshmukh wa mwaka 1984, ambao kwa nyika za Afrika Mashariki na Kusini hukadiria uzito wa nyasi kwa hekta zinapofikia kilele, kwa kuzidisha milimita za mvua ya mwaka kwa 8.488 na kutoa kilo 195.768. Tuchukulie eneo la hekta 30,000 ambako mifugo inaruhusiwa kula asilimia 30 ya nyasi. Mwaka wa milimita 550 unanipa uniti zipatazo 17,600. Mwaka wa milimita 350 unanipa 10,900. Mwaka wa milimita 750 unanipa 24,300.

Ardhi ni ile ile, kalamu ni ile ile, na majibu ni matatu. Nikiandika la katikati, mwaka mbaya ukija nitakuwa nimeidhinisha kwa maandishi uniti zaidi ya 6,000 zisizo na chakula. Nikiandika la chini, hakuna mfugaji atakayelitii katika mwaka ambao nyasi zinamfika magotini, na sitakuwa na hoja ya kumjibu.

Nimesoma kidogo kuhusu modeli zinazoeleza hali mbalimbali ambazo ardhi inaweza kuwamo na sababu zinazoitoa katika hali moja kuipeleka katika nyingine. Zinanivutia, lakini mifano niliyoiona mingi ni ya Marekani na Australia. Je, kuna aliyewahi kutengeneza modeli ya aina hiyo katika nyika zetu? Inahitaji takwimu za kiasi gani? Na zaidi ya yote, je, inaweza kutoa kitu ambacho kamati ya wazee, vijana na akina mama wasio na kompyuta wataweza kukitumia mwezi wa Desemba vuli ikigoma?

---

Mtafiti_wa_Nyika

Ndugu AfisaMalisho, hesabu yako haina kosa la kujumlisha wala la kugawa. Kilichokukwamisha ni dhana iliyo chini yake, nayo ina historia ndefu.

Mwaka 1916 Frederic Clements alieleza uoto kama kitu kinachopanda ngazi kuelekea kilele kimoja, na mwaka 1949 Dyksterhuis akaifanya ngazi hiyo kuwa kipimo cha ubora wa malisho. Kwa mtazamo huo, mifugo ikizidi ardhi hushuka ngazi, na mifugo ikipunguzwa ardhi hupanda tena kwa njia ile ile iliyoshukia. Katika sehemu zenye mvua inayotabirika dhana hiyo inafanya kazi vizuri kiasi. Lakini mwaka 1988 Ellis na Swift, wakitumia utafiti uliofanyika kusini mwa Turkana nchini Kenya, walionyesha kwamba huko ukame huipiga mifugo mara kwa mara kabla haijafikia idadi ya kuimaliza nyika, kwa hiyo idadi ya ng'ombe na wingi wa nyasi havifuatani kama mizani. Mwaka uliofuata Westoby, Walker na Noy-Meir walipendekeza modeli ya hali na mipito, ndiyo hiyo uliyoisoma. Wao waliiachilia mbali ngazi, wakasema tuorodheshe hali ambazo ardhi inaweza kukaa, kisha tueleze ni tukio gani au uamuzi gani unaoivusha kutoka hali moja hadi nyingine, na kama mlango wa kurudi upo.

Kabla hujavutwa upande wowote, hesabu kwanza mvua yako inavyoyumba. Chukua mvua ya kila mwaka kwa miaka 30 au zaidi, tafuta kiasi inachopotoka kwa kawaida kutoka kwenye wastani, na ukigawe kwa wastani huo. Wengi hutumia asilimia 33 kama alama ya njia panda: ikizidi hapo, mvua ndiyo inayotawala kuliko mdomo wa mnyama. Nyika zetu zinaweza kuwa na sehemu zilizo upande mmoja wa alama hiyo na nyingine upande wa pili, na sioni sababu ya kulazimisha kijiji kizima kiwe upande mmoja.

Hapa naomba niwe mkali kidogo, kwa sababu nimeona watu wakiisoma Turkana vibaya. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa mvua ndiyo inayoamua, basi idadi ya mifugo haina madhara na kila mtu afuge apendavyo. Illius na O'Connor waliipinga tafsiri hiyo mwaka 1999. Hoja yao ni kwamba mifugo haiishi kwa wastani wa nyika nzima. Huishi kwa yale maeneo machache yanayoivusha kiangazi, kama vile mabonde yenye unyevu, kingo za mito ya msimu na mbuga za udongo mweusi. Idadi ya mifugo imefungwa kwenye maeneo hayo, na uharibifu wa kweli huanzia hapo hapo. Kwa hiyo usiitupe hesabu yako ya hekta kwa uniti. Iondoe kwenye hekta 30,000 na uipeleke kwenye malisho ya kiangazi peke yake, ambako ina maana. Malisho ya masika yaliyobaki hayahitaji idadi. Yanahitaji tarehe na masharti.

Sasa nikujibu kuhusu modeli yenyewe. Usianze na kompyuta. Ipo modeli ya SAVANNA, iliyoundwa na Michael Coughenour wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado akianzia na mfumo wa Turkana, na baadaye ikatumika hata Ngorongoro; inafuatilia mvua, udongo, miti, nyasi, wanyama pori na mifugo wiki kwa wiki. Ni kazi ya heshima, lakini kuilisha takwimu kunahitaji timu na miaka. Kijiji hakihitaji hiyo.

Gawa ardhi kwa aina ya udongo na mteremko, kisha kwa kila aina chora hali zake. Nikikuchorea mteremko wa udongo mwekundu, hali ya kwanza ni nyasi za kudumu, kama Themeda triandra na Cenchrus ciliaris, zenye mashina yaliyokaribiana. Ya pili ni nyasi fupi na za msimu mmoja, ambapo mashina ya kudumu yamebaki machache na kati yake pana nafasi ya hatua nzima. Ya tatu ni kipara chenye gamba gumu juu. Ya nne ni vichaka. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni suala la kulisha mfululizo wakati nyasi zinachipua, na kurudi kunawezekana kwa kupumzisha misimu miwili au mitatu yenye mvua. Kutoka ya pili kwenda ya tatu ndipo penye kizingiti. Ukishakivuka, kupumzisha peke yake hakukurudishi, kwa sababu maji hayaingii tena ardhini.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho. Siku ya pili baada ya mvua kubwa, chukua jembe uchimbe chini ya shada la nyasi za kudumu, kisha uchimbe kwenye kipara kilicho hatua kumi kutoka hapo. Chini ya shada utakuta udongo umelowa kiasi cha kuzamisha kiganja na zaidi. Kwenye kipara utabandua gamba lililolowa unene wa kidole, na chini yake utatoka vumbi. Mvua iliyonyesha ni moja. Ndiyo maana mlinganyo wa Deshmukh, ambao unachukulia kwamba milimita ni milimita popote inapoanguka, utakudanganya kwenye hali ya tatu, na utakudanganya kwa kukupa nyasi nyingi kuliko zilizopo. Hali ya ardhi ndiyo inayoamua mvua itageuka nyasi kiasi gani, na kwa sababu hiyo makadirio yoyote ya nyasi yafanywe kwa kila hali peke yake.

Kuhusu takwimu, fimbo ya mita moja inatosha kuanza. Ichonge alama tano, kwenye sentimita 10, 30, 50, 70 na 90. Simama katikati ya eneo, tembea pande nne, na kila upande laza fimbo kila baada ya mita tano mpaka mita 25. Kila alama iandikie kilicho chini yake: kipara, nyasi ya kudumu, nyasi ya msimu, kichaka, kinyesi au majani makavu. Pande nne, fimbo tano, alama tano ni nukta 100, kwa hiyo idadi unayoipata ndiyo asilimia na hakuna anayehitaji kikokotoo. Andika pia ni mara ngapi fimbo imelala bila kugusa shina hata moja la nyasi ya kudumu. Kwa maoni yangu namba hiyo ya pili ina thamani kuliko zote, kwa kuwa mianya huanza kupanuka kabla jicho halijaona kuwa nyasi zimepungua.

---

Mzee wa Ronjo

Nawasalimu wote. Mjukuu wangu ananisomea na ndiye anayeandika ninayoyasema, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Nimewasikiliza na mengi ni ya kweli, hasa hilo la jembe. Lakini naona katika hesabu zenu ng'ombe amekuwa mdomo tu. Ng'ombe ana miguu, na ana maradhi.

Mwanangu AfisaMalisho, hizo nyanda unazozihesabu ndizo zenye nyasi tamu kuliko sehemu yoyote ya kijiji, na ndiyo sababu hata nyumbu wanaziacha za hifadhini na kuja kuzaa hapo. Nyumbu wakishaanza kuzaa, kuanzia Januari au Februari, sisi tunaondoa ng'ombe. Ndama wa nyumbu katika miezi yake ya kwanza hubeba ugonjwa ambao yeye haumuui, lakini ng'ombe akilisha alipopita, macho yanapata ukungu, pua inatiririka, na hakuna sindano ya kumwokoa. Kwa hiyo nyasi nzuri zikiwa nzuri kabisa, kwetu ni kama hazipo. Tunapanda kwenye miinuko ya miti ambako nyasi ni duni na kupe ni wengi, tunasubiri. Modeli ikisema kwamba mwezi wa tatu nyanda zina chakula cha ng'ombe elfu kadhaa, inasema kweli kuhusu nyasi na uongo kuhusu ng'ombe.

Jambo la pili ni maji. Kiangazi kikikaza tunanywesha siku moja na kuruka ya pili, ili siku ya kuruka ng'ombe aweze kufika mbali. Malisho yaliyo mbali kuliko hapo hata yakijaa nyasi hayamo katika hesabu yangu. Na lambo likichimbwa mahali papya, malisho yote yanayolizunguka yanageuka kuwa ya mwaka mzima, na miaka michache baadaye panakuwa kipara kama uwanja wa mpira. Nimeona malambo mawili hivyo. Kwenye mchoro wenu wa hali na mipito, lambo mliweke kama tukio linalovusha ardhi, tena kubwa kuliko ukame.

La tatu ni malalamiko. Miaka kadhaa iliyopita walikuja wataalamu na ramani kutoka angani, wakatuonyesha sehemu moja iliyopakwa kijani kibichi, wakasema hapo malisho yameimarika. Niliijua sehemu hiyo. Palikuwa pamejaa ule mmea wenye maua ya zambarau ambao ng'ombe hapeleki hata ulimi. Niliposema hivyo, kijana mmoja alinijibu kwa adabu kwamba satelaiti haina upendeleo.

Olopololi letu, yaani malisho ya akiba ya ndama na ng'ombe wagonjwa, hatulifungui kwa tarehe. Tunatazama kinyesi cha ng'ombe wanaokamuliwa. Kikiwa laini na kutandaa, nyasi bado zina nguvu. Kikianza kusimama kwa pete juu ya pete, kavu, na maziwa ya asubuhi yakipungua kwenye kibuyu, wazee wanakaa. Sijui kama jambo hilo linaingia kwenye modeli.

---

PikseliMoja

Shikamoo mzee. Mimi ni mmoja wa hao wanaotengeneza ramani kutoka angani, ingawa si niliyekuja kijijini kwako, na malalamiko yako ni ya haki.

Tunachokipima ni ukijani, yaani tofauti kati ya mwanga mwekundu ambao jani huumeza na mwanga usioonekana kwa macho ambao jani huurudisha. Mmea unaousema, bila shaka Ipomoea hildebrandtii, ambao umeenea Simanjiro na ng'ambo ya mpaka Kajiado, unarudisha mwanga huo sawasawa na nyasi nzuri. Ukitazama picha ya Aprili peke yake huwezi kuvitofautisha. Njia mojawapo ya kupunguza kosa ni kutotumia kilele cha mvua bali mwendo wa mwaka mzima, kwa kuwa nyasi hukauka mapema na kwa pamoja, ilhali vichaka vingi na miti hubaki na majani kwa muda mrefu zaidi. Kinachobaki kijani wakati nyasi zote zimegeuka rangi ya simba, kwa sehemu kubwa si chakula cha ng'ombe. Hata hivyo picha inabaki kuwa dokezo mpaka mtu afike pale na fimbo.

AfisaMalisho, takwimu unazoweza kuzipata bila malipo ni nyingi kuliko unavyodhani. Makadirio ya mvua ya CHIRPS yanaanzia mwaka 1981, kwa vipande vya takriban kilomita tano kwa tano, nayo yanatosha kwa ile hesabu ya kuyumba kwa mvua aliyoitaja Mtafiti. Picha za setilaiti za MODIS zinaanzia mwaka 2000, kipande kimoja kikiwa cha mita 250, yaani zaidi ya hekta sita zilizochanganywa kuwa namba moja. Setilaiti za Sentinel-2 zinaona hadi mita 10, lakini picha zake zinaanzia 2015 tu.

Ukiwa na mvua na ukijani wa miaka zaidi ya 20, unaweza kuuliza swali lenye faida: kwa mvua iliyonyesha mwaka huu, ardhi hii ilipaswa kuwa kijani kiasi gani, na imekuwa kiasi gani? Tofauti hiyo ikizidi kuwa hasi mwaka hadi mwaka, lawama haiwezi kutupiwa ukame peke yake. Tahadhari ni kwamba hesabu hii hudhani uhusiano wa mvua na ukijani haujabadilika umbo. Pale ardhi ilipokwisha kuvuka kizingiti katikati ya kipindi, au ilipogeuzwa shamba la mahindi, mstari huo unakatika na matokeo yake hayana maana. Yatoe maeneo hayo kwanza.

Kisha ijaribu modeli yako kwa miaka ambayo haikuiona. Ficha ukame wa 2008 hadi 2009, na ufiche ule wa mwishoni mwa 2021 hadi mwanzoni mwa 2022 ulioua maelfu ya mifugo Simanjiro. Kama kwa taarifa zilizokuwapo Desemba 2008 modeli isingetoa onyo lolote, usiipeleke kwenye kamati hata kama michoro yake inapendeza. Na kinyesi cha ng'ombe, mzee, kinaingia vizuri kabisa: kinatupa namba ya ubora wa chakula ambayo setilaiti haina.

---

Mpangaji_Ardhi

Nichangie kwa ufupi upande wa sheria na mipaka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinakuruhusu kutenga malisho ndani ya mpango wa kijiji, na Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya 2010 inayapa malisho hayo ulinzi wake. Hakuna popote nilipoona panapokulazimisha kuandika idadi moja ya mifugo kwa miaka yote ya mpango. Sheria ndogo za kijiji zinaweza kubeba masharti ya misimu, mradi yaandikwe kwa lugha ambayo baraza la kijiji linaweza kuitumia kumaliza shauri.

Hofu yangu iko kwenye ukubwa wa modeli. Mvua haikai ndani ya kijiji kimoja. Inanyesha kwa mafungu, huku inapiga na kule inaruka. Wilayani Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao chini ya mpango wa pamoja, wakaupa jina la OLENGAPA kwa kuchanganya vipande vya majina yao. Mchoro wako wa hali na mipito ukiishia kwenye nguzo ya mpaka, utakuwa umelikata katikati ronjo la mzee, yaani kambi ya muda ya wafugaji wanaofuata malisho. Shirikisheni jirani zenu tangu kwenye kuchora, kwa sababu baada ya kuchora watakuja kama wageni wanaoomba ruhusa.

---

AfisaMalisho

Ndugu zangu, shikamoo mzee, nimerudi baada ya wiki tatu.

Tulikutana chini ya mgunga nje ya ofisi ya kijiji na tukauchora mchoro wa mteremko mwekundu ardhini, kwa majivu na mawe, kila jiwe likiwa hali na kila mstari wa majivu ukiwa mpito. Nilikuwa na hali nne za Mtafiti. Wazee walikataa jiwe la vichaka kuwa moja, wakaligawa: vichaka ambavyo mbuzi wanakula na vile ambavyo hakuna anayekula. Kwa la kwanza walisema mlango wa kurudi upo, nao ni mbuzi wenyewe. Kwa la pili walikaa kimya muda mrefu. Akina mama waliongeza mstari ambao sikuufikiria, kutoka nyasi za kudumu kwenda kipara moja kwa moja, na pembeni yake wakaweka kipande cha mkaa. Walimaanisha sehemu ambazo miti ilikatwa na tanuri zikachomwa.

Baadaye tulikwenda na fimbo. Katika eneo moja vijana waliliita zuri kwa sababu lilikuwa kijani, lakini fimbo ililala mara kwa mara bila kugusa shina la kudumu, na nyasi zote zilikuwa za msimu mmoja. Eneo la pili, ambalo mimi mwenyewe ningeliandika kuwa baya, lilikuwa limeliwa mpaka chini ila mashina ya kudumu yapo, yamekaribiana. Kwa uwezo wa kurudi, la pili lilikuwa bora mbali sana.

Nilichoamua kupendekeza ni hiki. Idadi ya uniti nitaihesabu kwa malisho ya kiangazi na olopololi tu, kwa mvua ya mwaka mbaya, na kwa eneo ambalo ng'ombe anaweza kulifikia kwa utaratibu wa kunywesha siku moja na kuruka moja. Nyanda za nyumbu nitaziondoa kabisa kwenye hesabu ya ng'ombe tangu nyumbu wanapoanza kuzaa mpaka kamati itakaposema ndama wamekua. Kwa malisho ya masika nitaandika vikao viwili vya lazima, cha katikati ya Desemba na cha mwisho wa Mei, na kila kikao kitasomewa mambo matatu: mvua iliyonyesha ikilinganishwa na miaka iliyopita, matokeo ya fimbo, na taarifa ya wakamuaji. PikseliMoja amenitumia picha za miaka yote, na kwa majaribio ya awali utaratibu huu ungeitisha kikao cha dharura mwishoni mwa 2008. Kwa 2021 ungechelewa, nadhani kwa sababu picha zilihesabu vichaka kuwa chakula. Hapo bado tunafanya kazi.

Limebaki moja linalonikosesha usingizi. Kikao cha Desemba kikiamua kufunga bonde, na jirani ambaye kwake hakukunyesha akafika na ng'ombe mia tatu usiku, sheria ndogo inasema atozwe faini. Mzee, ninyi mlikuwa mnafanyaje?

---

Mzee wa Ronjo

Marahaba, mwanangu.

Hafiki usiku. Anayefika usiku ni mwizi, na huyo mpeni faini yenu. Jirani hutanguliza wazee wawili, bila ng'ombe, wanakuja kuuliza nyasi na maji. Tunawapa maziwa, tunawaeleza tulichonacho, na tunawapa sehemu na siku za kukaa, kwa sababu mwaka ujao mvua inaweza kuruka kwetu ikanyesha kwao, na wazee watakaotangulizwa watakuwa ni sisi. Kwa hiyo kwenye hiyo idadi yako ya bonde la kiangazi, usiijaze yote kwa ng'ombe wetu. Acha nafasi ya wageni. Ni kiasi gani, kaeni na wazee wa vijiji vya jirani mkubaliane, na hao watakaokuja Desemba wawe wanajua kabla hawajaja.